Siku 19 bila nyumba

Kazini kwangu mimi ndiye ninayepanga zamu za wauguzi. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 11, kwa hiyo tulipoamua kuuza nyumba na kununua nyingine, baba watoto alinikabidhi kalenda akasema, "Haya, bingwa wa ratiba." Nikaipokea kwa kiburi. Nilisahau jambo ambalo kila mpanga zamu analijua: ratiba huwa nzuri mpaka mtu mmoja apige simu alfajiri kusema anaumwa.

Tulianza kwa kununua. Yaani tulianza kwa kupenda, maana mume wangu aliliona dirisha la jikoni linalotazama bustani, basi, hakusikia tena la mtu. Fedha yetu karibu yote ilikuwa imelala kwenye nyumba tuliyokuwa tukiishi, na nyumba yenyewe bado ilikuwa na mkopo. Tukatoa ofa yenye sharti: tutanunua iwapo yetu itauzwa. Muuzaji alikubali, lakini wakili wake naye akachomeka sharti lake. Wangeendelea kuitangaza, na akitokea mnunuzi asiye na masharti, sisi tungepewa saa 72: ama tuondoe sharti letu tununue hivyo hivyo, ama tukae pembeni. Nilikiona kipengele cha haki, na mpaka leo nakiona hivyo. Wiki ya tano barua ikaja. Nyumba yetu ilikuwa imetembelewa na watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa jirani aliyetaka kuona ndani tumepaka rangi gani.

Usiku ule mume wangu alileta wazo la mkopo wa muda mfupi, ule wa kukuvusha: benki inakupa fedha ya kununua sasa, unarudisha ukishauza. Nikakaa na kikokotoo mezani. Riba yake ilikuwa juu kuliko ya mkopo wetu wa kawaida, na ule wa zamani hausimami kukungoja. Ongeza bima mbili, kodi za majengo mbili, bili mbili za kila kitu. Tukiuza ndani ya miezi miwili, tungepumua. Tukifika miezi sita, akiba imekwisha. Nikamwuliza swali moja tu: mwezi huo wa sita akija mtu na bei ya kututukana, tutakuwa na ubavu wa kumkatalia? Akanyamaza. Dirisha likaenda kwa wengine. Sijawahi kumwambia kwamba na mimi nililipenda.

Tukageuza mpango, tuuze kwanza. Dada yangu alipinga: "Mtauza, bei zipande, mbaki mnatazama." Ana hoja. Ila bei zikipanda, na hii unayoiuza imepanda pamoja nazo. Kinachouma ni muda wa katikati, ambapo umeshaacha huku na hujashika kule. Huo ndio wa kubana.

Mnunuzi akapatikana, dada mmoja mpole aliyetegemea mkopo. Mthamini wa benki yake alikuja, akapima, akaondoka bila kukubali hata maji. Mambo ya mkopo wetu sisi yalinifundisha kitu: hati ilikuwa imeshikwa na benki kama dhamana, na haiachiwi mpaka deni liishe. Deni lenyewe linaongezeka riba kila siku. Kwa hiyo salio la mwanzo wa mwezi halikusaidii. Unaomba barua ya salio lililopigwa hesabu hadi siku yenyewe ya makabidhiano, pamoja na faini ya kulipa kabla ya wakati kama ipo. Kwetu ilikuwepo. Ilikuwa imekaa kwenye ukurasa wa mwisho wa mkataba wa mkopo, kwa herufi za sisimizi.

Nyumba ya pili tuliipata upesi (dirisha lake la jikoni linatazama ukuta). Nikapanga kila kitu kiangukie Ijumaa moja. Asubuhi tukabidhi, fedha ya mnunuzi ifute deni, inayobaki iende kwa muuzaji wetu, naye ailipie nyumba anayohamia, mchana tupokee funguo. Kwenye kalenda ilipendeza sana.

Jumatano simu ikaita. Mtu aliyekuwa akimwuzia muuzaji wetu hajapata pa kwenda, hatoki. Basi muuzaji wetu naye hatoki.

Nikakimbilia mikataba, na hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mkataba wa kuuza ulisema tarehe, kavu, na fidia kwa kila siku tutakayochelewesha. Mkataba wa kununua ulisema "tarehe inayokadiriwa". Nilisaini yote miwili wiki moja, kwa kalamu moja. Tulibishana siku tatu kuhusu mapazia na jiko, lakini neno hilo moja nililipita.

Ijumaa lori lilikuja, likapakia, likapeleka vitu ghalani badala ya nyumbani. Watoto wakaenda kwa shemeji, sisi tukalala sebuleni kwake kwenye godoro lililokuwa na bonde katikati. Sare za shule zilikuwa kwenye kasha ambalo hakuna aliyejua liko safu ya ngapi. Viatu pia. Siku ya sita nilienda zamu na viatu vya mama mkwe.

Lakini siyo hayo yaliyoniuma. Siku ya kukabidhi, mnunuzi alipotuona tumesimama kando ya lori kama waliofukuzwa, aliuliza kulikoni. Tukamweleza. Akashangaa: kumbe alikopanga alikuwa amelipa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, hakuwa na haraka hata kidogo. "Laiti mngesema, mngebaki mkanilipa kodi tu." Wakili alisema hivyo hivyo baadaye, kwamba muuzaji kubaki kama mpangaji kwa wiki kadhaa ni kipengele cha mistari michache, watu huandikiana. Nikamwuliza mbona hukutuambia. Akasema hamkuuliza, mlileta tarehe tayari.

Makabidhiano mapya niliyaweka Jumanne. Fedha inayotumwa Ijumaa mchana ikikwama kidogo, benki zinafunga, na unamaliza wikiendi nzima nje ya mlango wa nyumba uliyokwisha kuilipia. Jumanne ikikwama, kuna Jumatano.

Siku ya 20 tulipewa funguo tatu kwenye bahasha. Mmoja wa mlango wa mbele, mmoja wa nyuma. Wa tatu tumeujaribu kila mahali, mpaka kwenye kabati la mita, na haufungui kitu chochote.