Siku niliyochomwa sindano za mishipa ya miguu

Siku ile nilipoenda kutibiwa mishipa iliyovimba miguuni, hawakuanza na sindano. Walinisimamisha juu ya kistuli kifupi, nguo nimeipandisha, uzito nimeutupa kwenye mguu mmoja ili ule mwingine ulegee, daktari akachuchumaa na ile mashine ya ultrasaundi anaipitisha kuanzia kwenye kinena anashuka nayo taratibu mpaka kwenye kifundo. Mimi nilizoea ultrasaundi ni kitu cha kulala kitandani, kumbe kwa miguu ukilala mishipa inanywea na ubovu wake unajificha, lazima usimame damu ishuke ndo waone vizuri. Akawa ananiminya kigimbi kwa mkono alafu anaachia, anaminya anaachia, na kwenye skrini rangi zinabadilika.

Akanielezea bila haraka na hilo nalishukuru hadi leo. Akasema mishipa hii kazi yake ni kupandisha damu kurudi kwenye moyo, ndani ina vali ndogondogo zinazofunga ili damu ikishapanda isirudi chini, na anachotafuta ni pale anapoachia kigimbi, kama damu inarudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde basi vali ya hapo imeshalegea. Ule mshipa mkubwa unaopita upande wa ndani wa paja, wangu ulikua unafunga vizuri. Uliokua umelegea ni tawi moja kwenye kigimbi, lile nene lililojipindapinda ambalo nilikua naliona kila nikivua viatu, na vile vinyuzi vyekundu na vya zambarau kuzunguka goti na kifundo.

Akaniambia mama, ingekua ule mkubwa unavuja tusingegusa hivi vidogo leo, tungeanza kule juu. Nilimuelewa haraka kwasababu nina ndugu yangu wa karibu alichomwa vile vinyuzi vya juu tu bila mtu kumpima na mashine yoyote, vikapotea, baadae vikarudi vingi kuliko mwanzo na yeye akaamini kwamba sindano hazifanyi kazi. Inaniuma kwakweli. Sindano hazikua na shida, shida ni kwamba mshipa uliokua unasukuma damu chini haukuguswa na mtu.

Mi kazi yangu ni ya kusimama, na nimebeba mimba zaidi ya moja, na mama yangu alikua na miguu hivihivi, kwahiyo sababu zote za kawaida ninazo. Ikifika jioni miguu inakua mizito, inawasha karibu na kifundo, usiku kigimbi kinakaza. Watu wakiona mishipa wanadhani unahangaikia urembo tu. Hata mimi kuna muda niliambiwa niache maringo nivae sketi ndefu basi.

Kabla ya kulala kitandani nesi akaniuliza maswali mengi, una mimba, unanyonyesha, damu imewahi kukugandia mguuni au kwenye mapafu, kuna dawa inakudhuru, unapata kipandauso kile cha kuona vimulimuli machoni. Hilo la mwisho likanishangaza nikauliza macho yanahusianaje na miguu, akasema ile dawa ya povu kuna watu wachache inawaletea ukungu wa macho kwa muda mfupi au kichwa kuuma, ndo maana wanataka kujua mapema.

Vinyuzi walivichoma kwanza. Sindano nyembamba sana, nyembamba kuliko ya kutolea damu, na dawa yenyewe inaitwa polidokanoli, daktari akasema zamani ilitengenezwa iwe dawa ya ganzi ndo maana haiunguzi kama yale maji ya chumvi kali waliyokua wanatumia. Nikasikia kama kuumwa na siafu alafu basi. Kilichonishika ni kuangalia, maana anachoma kwenye kinyuzi kimoja na matawi yake yote yanageuka meupe palepale mbele ya macho yangu. Baada ya muda yalirudi mekundu na ngozi ikavimba ikawasha, nikaingia hofu, nesi akasema dada hiyo ni kawaida, dawa haikaushi mshipa hapohapo.

Lile tawi nene likahitaji povu. Alichukua mabomba mawili ya sindano, moja lina dawa lingine lina hewa, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za hewa, kayaunganisha na kikoki kidogo akawa anasukuma huku na huku kwa nguvu mpaka yale maji yakawa povu jeupe zito. Dawa ya majimaji kwenye mshipa mpana inachanganyika na damu inapoteza nguvu, lakini povu linaisukuma damu pembeni na kugusa kuta zenyewe. Kwenye skrini niliona jeupe likipanda ndani ya mshipa wangu. Linaunguza ule utando wa ndani, kuta zinashikana, panakua kovu, na mwili unalimeza kovu kidogokidogo kwa wiki na miezi.

Hapo ndo nikauliza swali lililokua limenikaa kooni wiki nzima, sasa mkifunga mshipa damu yangu itapita wapi? Daktari akaacha alichokua anafanya akanitazama. Akasema mishipa ya ndani kabisa, katikati ya misuli, ndo inabeba karibu asilimia 90 ya damu ya mguu, huu tunaoufunga ulishaacha kazi, ulikua unairudisha damu chini na kuilundika. Machozi yalinitoka, sio ya maumivu. Nilikua nimekuja na hofu kwamba nanyang'anywa kitu mguu unachokihitaji, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Nesi akaniambia nikunje na kunyoosha nyayo mara nyingi, ili dawa iliyopenya kwenye mishipa ya ndani isafishwe na damu haraka. Alafu wakanivalisha soksi za kubana nikiwa bado nimelala, kazi ngumu kweli walisaidiana wawili, na wakanitoa nje nikatembee nusu saa hapohapo. Mdogo wangu aliyenisindikiza alitaka nikae nipumzike, dada kaa bwana umetoka kuchomwa, nikamvuta mkono tukatembea wote.

Wiki zilizofuata kigimbi kilikua na michubuko, na kwenye lile tawi pakatokea vinundu vigumu vinavyouma ukigusa. Kumbe ni damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa. Niliporudi daktari akatoboa kidogo na sindano akaikamua, nyeusi nyeusi, na maumivu yakapungua sana. Alipoweka mashine na kukandamiza, mshipa haukubonyea tena na hapakua na rangi yoyote inayopita, yaani umeshaziba. Umebaki mstari wa kahawia kwenye ngozi, aliniambia unaweza kukaa miezi mingi na niukinge na jua, na vinyuzi vya kwenye kifundo vitahitaji kuchomwa tena kwasababu vile ni vibishi kuliko vya goti.