Shikamoo ya Sura ya Kwanza

Jumapili usiku.

Leo mchana nilimkalisha mama mbele ya laptopu, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza, nikakaa pembeni na daftari langu. Ndiye mtu wa kwanza nje ya timu kuiona kazi yetu, riwaya ya picha ya kusomwa kwenye kompyuta. Picha ya kwanza ikatokea: nyumba ya Pangani, bibi yuko barazani anapepeta mchele kwa ungo. Mjukuu anaingia na begi begani, na maneno yake ya kwanza ni, "Bibi, ile barua iko wapi?"

Mama akaacha kubonyeza.

"Mbona huyu mtoto hajamwamkia bibi yake?"

Nikamwambia ana haraka, mama, hadithi yenyewe inaanzia kwenye barua.

"Haraka gani hiyo? Katoka Dar mpaka Pangani, shikamoo imemshinda?" Akainuka kwenda kutazama maharage yake jikoni, na hakurudi.

Mstari ule niliuandika miezi saba iliyopita. Tumeusoma sote watatu mara zisizohesabika, na hakuna aliyeshtuka. Imeniuma, maana nilijiona naandika hadithi ya nyumbani.

Tuko watatu: mimi naandika, rafiki yangu wa tangu sekondari anachora, mdogo wangu anashughulika na programu na sauti. Hakuna anayelipwa. Tunafanya usiku na mwisho wa wiki, baada ya kazi zinazotulisha. Kitu chenyewe ni riwaya ya picha: unasoma mazungumzo, wahusika wanaonekana kwenye kioo, na kila baada ya muda unaulizwa ufanye nini, hadithi inafuata njia uliyochagua. Tunatumia Ren'Py, programu ya bure ambayo Tom Rothamel aliianza mwaka 2004. Unaandika nani anasema, anasema nini, picha gani ije nyuma yake. Aliyewahi kuandika mchezo wa redio ataizoea kwa jioni moja.

Kilichotusumbua zaidi ni lugha yetu wenyewe, na ndicho nilichokipenda. Mwanzoni mdogo wangu alitengeneza sentensi moja ya kutumika kila mchezaji anapookota kitu: "Umepata" fulani "chako", jina la kitu linajazwa na programu. Kitabu kikakaa vizuri. Tulipofika kwenye kabati, kioo kikaandika "Umepata ufunguo chako", kisha "Umepata barua chako". Mifano tuliyokuwa tunaifuata ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakina ngeli za kukukumbusha. Tuliifuta ile sentensi, nikaandika ya kila kitu kivyake. Ilinichukua wiki nzima, na sijutii.

Upande mwingine lugha hiyohiyo imetupa zawadi. Barua anayoitafuta mjukuu imeandikwa na mtu aliyempenda bibi zamani, na msomaji hajui kama ni mwanamume au ni rafiki wa kike aliyekuwa kwake kama ndugu. "Aliniahidi atarudi na kivuko cha jioni." Hapo hakuna kinachomfichua. Rafiki yangu alitaka tutoe na toleo la Kiingereza ili tupate wasomaji wengi, tukajaribu kurasa mbili. Siri ikavuja kwenye sentensi ya pili, pale Kiingereza kilipotaka "he" au "she". Tumekubaliana Kiswahili kitoke kwanza, kikiwa kamili.

Sauti ya kivuko cha Pangani kwenda Bweni tuliirekodi kwa simu, na ndani yake kuna mtu anamwita mwenzake ahimize baiskeli. Nimesema katakata isikatwe. Khanga ya bibi rafiki yangu ameichora mara tano: pindo, mji, jina. Jina tumeliacha tupu mpaka sura ya mwisho, kwa sababu mchezaji ndiye atakayechagua maneno.

Jioni hii nimekaa na mdogo wangu tukaifungua upya sura ya kwanza. Sasa chaguo la kwanza kabisa ni hilo: umwamkie bibi, au uulize barua. Ukimwamkia, anaitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," na utani huo unaendelea mpaka mwisho. Atakutania kwenye chai, atakutania kivukoni. Ukiuliza barua moja kwa moja, barua utapewa vilevile. Bibi hana kinyongo. Ila hatakuita mke mwenzangu, hata mara moja, na hakuna mahali programu itakuambia ulikosa nini. Mdogo wangu aliona tuweke onyo kidogo. Nimemwomba tusiweke. Mtu aliyelelewa na bibi atausikia ule ukimya.

Mabadiliko yanagusa mistari 41. Tumefika wa 26, umeme ukakatika, nikamalizia mingine kwenye daftari kwa tochi ya simu.

Limebaki jambo moja. Tunazo nyuso nne za bibi: ametulia, anacheka, amekasirika, analia. Hatuna uso wa bibi anayeitikia shikamoo, ule wa kuinua macho kutoka kwenye ungo mikono ikiwa bado na pumba. Nimempigia rafiki yangu kumweleza. Amesema nisimweleze zaidi, anaujua, kesho baada ya kazi atapita kwa bibi yake Chumbageni na penseli.