Desemba, DDC Kariakoo

Juzi redio ilipiga wimbo wa zamani wa Sikinde, binti yangu akauliza: "Baba, hawa wanaopuliza wanajuaje pa kuingia, na hakuna anayewahesabia?" Nilimjibu juu juu, maana nilikuwa naendesha gari. Lakini swali lake lilinirudisha ukumbi wa DDC Kariakoo, Dar es Salaam, Jumapili moja ya Desemba, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, enzi nabeba vyombo na kukaa nyuma ya wapulizaji.

Sikinde ndiyo bendi ya Mlimani Park, mnaijua: ilianza 1978, ikachukua jina la baa iliyokuwa ikipigia, na 1983 ikaingia DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mahasimu wao wa Msondo ni wakubwa kwa umri, NUTA Jazz ya 1964, kisha JUWATA, kisha OTTU. Jina lilifuata chama cha wafanyakazi, wapenzi wakabaki palepale. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, mwanamuziki alikuwa na mshahara, ukumbi ulikuwa na siku yake. Watu hulitaja hilo kama jambo la karani tu. Mimi naona ndilo lililoulea muziki wenyewe.

Jioni ile pistoni ya pili, kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, ya tarumbeta ya kwanza ilikuwa inapanda kwa uvivu. Mate yakikutana na vumbi hufanya utando ndani ya tundu. Mzee aliyeipuliza alizitoa pistoni zote, akazipangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akadondosha matone matatu ya mafuta kwenye kila moja. Zina namba, 1, 2 na 3, na kila moja inarudi kwenye tundu lake, unaizungusha mpaka isikike ikishika. Ukichanganya, njia za ndani hazikutani na hewa haipiti hata utoe mishipa ya shingo. Waliokosa mafuta yake walitumia mafuta ya taa. Hulainisha kwa muda mfupi, kisha hukauka na pistoni inanata upya.

Dansi likaanza, ukumbi ukajaa, joto likapanda. Hapo ndipo penyewe.

Kwenye joto, tarumbeta na gitaa huachana. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya moto, kwa hiyo tarumbeta hupanda. Waya wa gitaa nao hutanuka, hulegea, sauti inashuka. Bendi iliyotyuni vizuri saa mbili usiku, ikifika saa tano vyombo vyake havipatani tena, na hakuna aliyekosea popote. Magitaa yalikuwa manne: solo, second solo, rithimu na besi. Huwezi kuyasimamisha yote katikati ya wimbo yakatyuni upya. Anayewafuata wenzake ni mpulizaji.

Waimbaji walikuwa bado kwenye beti, sehemu ya taratibu, wapulizaji wamepumzika. Mzee akageukia ukuta, mgongo kwa maiki, akapuliza noti moja ndefu, nyembamba, iliyosikika kwetu tuliokaa karibu tu. Sikio lake lilikuwa kwa second solo. Noti zile mbili zilikuwa zinagombana: palitokea mtetemo, wau-wau-wau, wa harakaharaka. Akakivuta nje kile kipande cha bomba kilichopinda kama U huku akiendelea kupuliza. Mtetemo ukapungua kasi. Akavuta tena kidogo, ukawa wa polepole, halafu ukapotea kabisa, pakabaki sauti moja. Alikuwa amevuta kama milimita 5. Kwa kuwa bomba lile lina miguu miwili, njia ya hewa ilirefuka kwa sentimita 1 nzima, katika chombo chenye urefu wa karibu sentimita 148. Akamwonyesha mwenzake wa tarumbeta ya pili kwa kidole, naye akavuta vilevile. Wa saksafoni hana bomba la kuvuta. Yeye alisogeza nje kile kipande cha mdomoni, juu ya gome laini la kuzibia lililo kwenye shingo ya saksafoni.

Kisha solo akabadilisha kipande, dramsi akajibu, chemko, sehemu ya haraka, likaingia, na tarumbeta zote mbili zikapiga kwa pamoja, zimenyooka. Wachezaji walipiga ukelele. Sidhani kama kuna aliyejua kilichorekebishwa, na haikuwapasa kujua.

Waliorekodi RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, walipiga bendi nzima kwa pamoja, bila kurudi baadaye kuziba pengo. Sikio lile lililetwa studio kutoka ukumbini, kutoka kwa watu kama King Michael Enoch, aliyekuwa amepita Dar es Salaam Jazz kabla ya kuongoza Mlimani Park. Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi ya muziki. Yalikaa kwa anayesimama kushoto kwako, wiki hadi wiki.

Siku hizi bendi nyingi huweka kinanda mahali pa tarumbeta. Naelewa sababu: mtu mmoja badala ya watatu, na kinanda cha umeme hakipandi wala hakishuki kwa joto. Lakini magitaa bado yanashuka, na kinanda kikiwa hakivutiki, sijui ni nani pale jukwaani atakayekuwa na haja ya kusikiliza kiasi kile. Pengine wapo wanaosikiliza kwa namna nyingine nisiyoizoea. Ningependa kusimama nyuma yao usiku mmoja wa Desemba nione wanafanyaje.