Poti ya SSH iliyokataa kuhama kwenye Ubuntu 24.04

Seva zetu tatu ziko Morogoro, mimi niko Dar, na kila hitilafu ndogo ilinigharimu safari ya basi. Nikaamua kuzisimamia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Ufunguo (faili la siri linalotumika badala ya nywila) ulikubali mara ya kwanza, nikazima kuingia kwa nywila, kisha nikataka kuhama poti 22, yaani mlango wa kawaida wa SSH, kwenda 2222, maana wabahatishaji nywila walikuwa wanajaza logi usiku kucha.

Nikafungua 2222 kwenye ufw (ukuta-moto wa Ubuntu), nikaandika `Port 2222` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, nikawasha upya huduma ya ssh. Wapi! Nikijaribu 2222, nakataliwa. Nikirudi 22, naingia kama kawaida. Nililipitia faili lile mstari kwa mstari nikitafuta kosa la herufi ambalo halikuwepo.

Jibu lilikuwa kwenye `sudo ss -tlnp`, amri inayoonyesha nani anashika poti ipi: poti 22 ilishikwa na systemd yenyewe, programu ya kwanza kuwaka (PID 1) inayosimamia huduma zote. Tangu Ubuntu 22.10, anayekaa mlangoni ni `ssh.socket`; sshd, programu ya SSH upande wa seva, huamshwa mtu akibisha hodi. Kwa hiyo kuwasha upya ssh peke yake hakuugusi mlango. Kwenye 24.04 amri ni hizi:

`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo systemctl restart ssh.socket`

Papo hapo 2222 ikaitika.

Tafadhali sana, usifunge dirisha la kwanza uliloingilia. Fungua la pili, jaribu poti mpya, ukishaingia ndipo uifunge 22 kwenye ufw. Dirisha hilo ndilo lililoniokoa kwenye seva ya tatu, ambako nilikuwa nimesahau kufungua 2222.