Tafakari ya Juma: Kazi ya Vidole

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu ni Zaburi 8:3: "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako." Daudi hakutaja mikono hapa, ametaja vidole. Na kazi ya vidole haitaki pupa.

Nimeikumbuka nyumba ya Alvan Clark, mchoraji wa sura za watu huko Cambridgeport, Massachusetts. Mwaka 1844 kengele ya chakula ilivunjika shuleni alikosoma mwanawe George. Kijana akachukua vipande, akaviyeyusha, akaanza kuvisugua viwe kioo cha darubini. Baba akasogea kutazama, akashika kazi pamoja naye, hakuiacha tena. Mtoto ndiye aliyemvuta mzazi! Baadaye akaingia na Alvan Graham, mdogo wa George. Karakana yao ya lenzi, vile vioo angavu vya darubini, ilifika mpaka ile ya inchi 40 ya kituo cha kutazamia nyota cha Yerkes, Wisconsin, mwaka 1897.

Mashine ilisugua sehemu kubwa, ila haikumaliza. Lenzi ilipimwa kwa nuru, na palipobaki mwinuko mdogo mno, mzee alichovya kidole gumba katika unga mwekundu laini uliolowa maji, akasugua pale pale tu. Joto la kidole hutunisha kioo, kwa hiyo ni kungoja kipoe ndipo kipimwe upya. Ukizidisha, umechimba bonde, na kazi inarudi nyuma.

Mwaka ule ule wa kengele, Bessel, mtaalamu wa nyota wa Königsberg, alieleza kwamba Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, huyumba njiani kana kwamba ina mwenzake asiyeonekana. Tarehe 31 Januari 1862, Alvan Graham akiijaribu lenzi mpya ya inchi 18.5 kwa nyota hiyo, aliona nukta hafifu ubavuni mwa ule mng'ao. Ndiye mwenzake. Alikuwapo siku zote.

Hapo, na kwenye kule kungoja kioo kipoe, ndipo moyo wangu umekaa juma zima. Kuna mahali ndani yangu Bwana amepagusa, kisha akaondoa kidole, nami nikalia kwamba ameniacha. Kumbe huenda alikuwa akingoja nipoe.

Tuombe. Baba, rudi pale ulipoachia. Wakumbuke mafundi wetu wanaoshinda wameinamia kazi ndogo ndogo, na wazazi wanaojifunza kwa watoto wao. Katika jina la Yesu, amina.