Moshi Uliotokea Chumbani kwa Bibi

Mwaka 2011 mgawo wa umeme ulitukaba koo. Kwetu Tabata jenereta tuliliweka gereji, na gereji imeungana na jiko; Baba aliijenga hivyo ili siku za mvua ashuke garini aingie ndani mkavu. Pembeni ya jenereta kulikaa dumu la petroli la lita 20. Ndiyo, najua. Wote tulijua.

Jioni moja kaka akamimina petroli jenereta likiwa bado la moto. Nikasikia "fuu!", halafu kelele zake. Tulizima kwa mchanga uliobaki uani, ndoo nne au tano, gari tukalisukuma nje. Kaka aliunguza nyusi tu. Namba 114 ya zimamoto tulikuja kuikumbuka mambo yameshaisha.

Bado tunahema, Bibi akatokea koridoni, khanga puani.

"Nani anachoma mpira chumbani kwangu?"

Chumba chake ni cha mwisho, upande wa pili wa nyumba, na mlango ulikuwa umefungwa. Baba akaniangalia.

Asubuhi nikapanda darini na tochi. Ukuta wa gereji ulikuwa umeishia kwenye linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Juu yake hakuna hata tofali moja: kenchi, zile mbao za kubeba paa, zimenyooka kutoka gereji hadi juu ya kitanda cha Bibi, na masizi yameacha mstari mweusi kwenye mbao, unaofuatika kwa kidole. Gereji yenyewe haikuwa na siling bodi. Kumbe ule ukuta tuliouamini miaka yote ulikuwa kama wa bafu la uani, unasitiri chini, juu wazi.

Fundi alipoitwa hakushtuka.

"Mzee wangu, nyumba zote za mtaa huu ziko hivi."

"Basi hii yangu itoe kwenye hesabu," Baba akamjibu.

Fundi akapandisha tofali za inchi sita toka kwenye linta hadi kugusa mabati, akashindilia mota kila mbao ilipopenya, akapiga lipu pande zote mbili. Tundu la nyaya na bomba nililiziba mwenyewe. Chini ya kenchi za gereji tukafunga jipsamu. Ndani ya jipsamu kuna maji yaliyoshikana na unga wake, na moto hauna budi kuyatoa kwanza, kwa hiyo unachelewa. Sikuamini mpaka niliposoma kwamba hata Marekani wanaitumia kutenga gereji na nyumba, na kwamba mlango wa kati, ukiwa wa mbao nzima isiyo na uwazi ndani, wanataka uwe na unene usiopungua milimita 35.

Wetu wa jikoni ulikuwa wa flashi. Niliugonga ukalia kama ngoma: plaiwudi huku, plaiwudi kule, katikati hewa. Tukaenda Keko kuchongesha wa mninga, mzito kiasi kwamba tuliubeba watu watatu, ukafungwa springi ya kuurudisha wenyewe. Fundi akainua na kizingiti, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Jenereta na dumu vikahamia kibandani uani, mbali.

Wiki haikuisha. Narudi kazini nakuta mlango wa mninga uko wazi kabisa, Mama kauegemeza kinu.

"Mwanangu, unanibamiza nikiwa na sufuria."

Nikakihamisha kinu. Kesho yake kilikuwa palepale.