Upepo usiorudi

Harusi ya Swafiya imepita salama, makala yetu imekubaliwa baada ya miezi saba, na mimi akili bado iko barazani Mkomani, Jumatano, na Ami.

Mnamjua Ami. Hasomi ramani, asoma maji. Alitaka nimwonyeshe "hiyo kazi ya kutazama mawe ya mbinguni", nikamfungulia kwenye simu picha ya Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, iliyopigwa na rada ya Cassini, chombo cha angani kilichotumwa Zohali: matuta meusi ya mchanga, sambamba, mamia ya kilomita. Akavaa miwani yake yenye uzi badala ya mkono mmoja.

"Kama ukili," akasema. Kidole kikasimama penye kilima. "Hapa umegonga, ukazunguka. Upepo watoka huku."

Magharibi. Ndivyo tulivyojua na sisi, ila sisi tulikuwa na kompyuta.

"Na huu ni kaskazi au kusi?"

"Ami, huko hakuna kaskazi wala kusi. Upepo ni mmoja."

"Upepo usiorudi? Basi aliyetoka atarudi na nini?"

"Ni mwezi tu, Ami. Hauna watu."

Akacheka kidogo. "Haya, mwanangu." Akavua miwani.

Haya ile! Niliisikia hata katikati ya vigelegele vya Swafiya. Na ubaya zaidi, nilimwambia uongo. Mahesabu ya hewa ya Titani yaonyesha kuwa upepo wa siku zote kwenye ikweta huelekea magharibi, lakini matuta yaelekea mashariki. Maelezo ninayoyaamini mimi ni kwamba jua likivuka ikweta, kila miaka 15 hivi, upepo hugeuka kwa muda mfupi, ukavuma kwa nguvu kuliko wote, na huo ndio unaosukuma mchanga. Kumbe warudi. Mzee aliuliza swali lenyewe, nami nikamjibu kama mtoto wa chuoni.

Jana alfajiri nikamfuata ufukweni, yuwapachika pamba ya kalafati kati ya mbao za mashua. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Miaka kumi na mitano wangoja upepo?"

"Ndiyo, Ami."

"Nahodha huyo ameshaoa huko."

Tulicheka mpaka nyundo ikamponyoka, ikazama matopeni.

Punda wa mama hajala tangu juzi. Amesimama tu kivulini, masikio chini, hata maganda ya embe hayataki. Nami naondoka Jumatatu.